Mkato Uliomeza Elfu: Uandishi wa Nambari na Visanduku vya Kujazia katika Kisii na Nyamira

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Wanaoweka akiba katika vikundi vya Kisii na Nyamira wanaijua methali hii kwa vitendo. Kila mwezi, baada ya malipo ya majani ya chai au mauzo ya ndizi, kila mwanachama hutoa kiasi chake, nacho huandikwa daftarini mbele ya wenzake. Hata hivyo, kibaba chenye tundu hakijai. Makala haya yanahusu tundu moja dogo mno, ambalo ni alama ya mkato iandikwayo ndani ya nambari, na jinsi tarakilishi inavyoweza kuigeuza shilingi elfu moja mia mbili na hamsini kuwa shilingi moja pasipo kumwonya yeyote.

Huenda msomaji akauliza: suala hili lina uhusiano gani na mwanafunzi wa Kiswahili? Je, si kazi ya wahandisi wa programu? Jibu letu ni kwamba uandishi wa nambari ni sehemu ya tahajia ya lugha. Mahali pa kuweka mkato, mahali pa kuweka nukta, alama ya shilingi, na namna ya kuisoma nambari kwa maneno, yote hayo ni desturi za uandishi kama zilivyo herufi kubwa na alama ya kuuliza. Mhandisi asiyepewa maelezo ya desturi hizo huchukua desturi aliyoikuta katika lugha ya programu anayoitumia. Nasi wanalugha, kwa kunyamaza, huwa tumemwachia afanye hivyo.

Makala haya yana malengo matatu. Kwanza, kueleza desturi za kuandika nambari zinazokutana katika mazingira ya Kisii na Nyamira. Pili, kueleza jinsi tarakilishi inavyozisoma nambari hizo na mahali inapokosea. Tatu, kupendekeza kanuni za kufuatwa na yeyote atengenezaye fomu ya Kiswahili, na kuonyesha nafasi ya mwanafunzi wa Kiswahili katika kazi hiyo. Katika makala haya, kisanduku cha kujazia ni ile nafasi katika fomu ya tarakilishi au ya simu ambamo mtu huandika jibu lake. Mkato ni alama ( , ), nayo nukta ni alama ( . ).

Kisa cha Daftari

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuombwa kusaidia kikundi kimoja cha akiba katika Kaunti ya Nyamira kuelewa hesabu zake. Kwa kuwa jambo lenyewe ni la faragha ya watu, majina hayatatajwa, wala programu iliyotumika haitatajwa. Kikundi kilikuwa kimehamisha kumbukumbu zake kutoka daftarini hadi kwenye programu ndogo ya tarakilishi. Kijana aliyeingiza hesabu hizo alizinakili kwa uaminifu jinsi zilivyoandikwa. Penye 950 aliandika 950. Penye 1,250 aliandika 1,250.

Mwaka ulipokwisha, mwanachama mmoja aliomba mkopo wa karo. Kanuni ya kikundi ilimruhusu kila mtu kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Mama huyu alikuwa ameweka shilingi 1,250 kila mwezi kwa miezi 12, yaani jumla ya shilingi 15,000, hivyo angestahili kukopa hadi shilingi 45,000. Karatasi iliyochapishwa ilionyesha kwamba akiba yake ilikuwa 12.00. Jirani yake, ambaye alikuwa akiweka shilingi 950 kila mwezi, alionyeshwa kuwa na shilingi 11,400 kamili.

Mama aliishika karatasi, akaitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, hii kumi na mbili ni ya nini? Ni miezi ama ni pesa?"

Swali lake lilikuwa ufunguo wa fumbo zima. Kumi na mbili ilikuwa idadi ya miezi kweli, kwa sababu kila mwezi programu ilikuwa imehesabu shilingi moja tu. Ilisoma tarakimu 1, ikafika kwenye mkato, ikakoma hapo. Waliochanga chini ya elfu moja hawakuguswa, kwa maana nambari zao hazikuwa na mkato. Waliochanga elfu moja na zaidi ndio waliopoteza, na hivyo waliojinyima zaidi wakaonekana maskini kuliko waliochanga chini ya elfu moja. Baadhi ya wanachama walikuwa wameanza kumtazama mweka hazina kwa jicho la shaka. Kilichomwokoa ni lile daftari la zamani, ambalo kwa bahati njema halikuwa limetupwa.

Kisa hiki kinatufunza jambo moja muhimu. Hakuna mtu aliyeandika vibaya. Mweka hazina alifuata desturi iliyozoeleka nchini kote, naye kijana akanakili sawasawa. Aliyekosea ni kisanduku, kilichopokea maandishi ambacho hakikuyaelewa kisha kikajifanya kimeyaelewa. Kama kingeyakataa waziwazi, kosa lingegunduliwa siku ya kwanza.

Desturi Zinazokutana Kisii na Nyamira

Anayetazama uandishi wa nambari katika eneo hili atagundua kwamba desturi kadhaa zinaishi pamoja.

Desturi ya kwanza ni ya kuhesabu kwa mdomo katika Ekegusii. Msemaji wa Ekegusii akishafika tano, ambayo ni isano, huunda sita kwa kusema isano nemo, yaani tano na moja. Saba ni isano na ibere, na nane ni isano na isato. Ndipo hufuata kianda kwa tisa na ikomi kwa kumi. Huu ni mfumo wenye mantiki yake unaojengwa juu ya tano. Hata hivyo, nambari zinapoandikwa kwa tarakimu, Mgusii, Mluo, Mkipsigis na Mswahili wote huandika 8 ile ile. Tarakimu zimewaunganisha wenye lugha mbalimbali, ila alama zinazoambatana na tarakimu ndizo zenye historia tofauti.

Desturi ya pili ni ya alama ya shilingi. Katika vibao vya bei na madaftari ya maduka, kuanzia soko la Daraja Mbili mjini Kisii hadi Keroka, tunaona 50/=, 50/-, Sh. 50 na Ksh 50. Mkwaju huo tuliurithi kutoka Uingereza, ambako 5/- ilimaanisha shilingi tano bila peni. Kistari kilishika nafasi iliyokuwa tupu. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa mwaka wa 1921, baada ya rupia na baada ya florini iliyodumu kwa muda mfupi, iligawanywa katika senti 100, lakini mkwaju ulibaki. Shilingi ya Kenya ilipochukua nafasi yake mwaka wa 1966, mkwaju ulibaki vilevile. Kwa mwandishi wa mkono, alama hii ina faida, kwani inaifunga nambari ili mtu mwingine asiongeze sufuri nyuma yake. Kwa tarakilishi, mkwaju ni ishara ya kugawanya au ya kutenga siku na mwezi. Aandikaye 5/10 katika programu ya majedwali, akikusudia shilingi tano na senti kumi, huenda akaiona ikigeuka kuwa tarehe.

Desturi ya tatu inatokana na simu. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwezi wa Machi mwaka wa 2007, mamilioni ya Wakenya wamezoea kusoma kiasi cha fedha katika umbo la Ksh1,250.00, lenye mkato wa maelfu na nukta ya senti. Ujumbe huo umekuwa kama kitabu cha tahajia cha nambari. Mtu anayejaza fomu huitazama simu yake, kisha hunakili alichokiona. Ni ajabu kwamba mfumo mmoja humwonyesha mkato kila siku, ilhali fomu nyingine humwadhibu kwa kuutumia.

Desturi ya nne ni ya mizani. Katika vituo vya kukusanyia majani ya chai vinavyohudumia viwanda kama Kebirigo, Sanganyi na Nyansiongo, mkulima huhesabiwa kilo pamoja na sehemu za kilo. Mizani ya dijitali dukani nayo inaweza kuonyesha 1.250, yaani kilo moja na robo. Hapa nukta haina uhusiano wowote na maelfu.

Desturi ya tano inatoka ng'ambo. Wachongaji wa Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, wanafahamika kwa vinyago vya mawe laini vinavyouzwa hadi Ulaya. Tuchukue mfano wa mnunuzi wa Uholanzi au Ujerumani anayeagiza vinyago 1.500. Katika nchi hizo nukta hutenga maelfu, nao mkato hutangulia desimali, kwa hivyo mnunuzi amekusudia vinyago elfu moja na mia tano. Binadamu atatambua haraka kwamba hakuna anayeagiza kinyago kimoja na nusu. Kisanduku kisichofunzwa hakitatambua.

Nambari Moja, Tafsiri Tatu

Tukitoka Gusii na kuutazama ulimwengu wa Waswahili kwa jumla, tutaona kwamba hata ndani ya lugha moja hakuna desturi moja. Shirika la Unicode Consortium husimamia hazina ya data iitwayo CLDR, ambayo programu nyingi za tarakilishi na simu huitumia kujua jinsi kila lugha na kila nchi inavyoandika nambari, tarehe na sarafu. Kiswahili kimo humo kwa nchi nne: Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ekegusii pia kimo, kwa msimbo wa guz. Kwa Kiswahili cha Tanzania, Kenya na Uganda, mkato hutenga maelfu na nukta hutangulia desimali. Kwa Kiswahili cha Kongo, mambo hugeuka: nukta hutenga maelfu na mkato hutangulia desimali.

Sasa tuitafakari nambari 1.250. Programu iliyowekewa Kiswahili cha Kenya itaisoma moja nukta mbili tano sufuri, yaani moja na robo. Programu iliyowekewa Kiswahili cha Kongo itaisoma elfu moja mia mbili na hamsini. Kwa Mswahili anayeishi Oman, 1.250 ni bei ya kawaida kabisa dukani: rial moja na baisa 250, kwa sababu rial ya Oman imegawanywa katika baisa 1,000, na hivyo huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta.

Mfano huu wa Oman una uzito wa pekee. Baadhi ya watengenezaji wa programu hujitungia kanuni kwamba tarakimu tatu baada ya alama ni dalili ya maelfu. Kanuni hiyo huvunjika Maskati, na huvunjika pia kwenye mizani ya duka mjini Kisii. Kubahatisha hakutoshi, ni lazima kisanduku kijue kinazungumza na nani na juu ya nini.

Jumuiya ya wanasayansi nayo iliwahi kulitazama tatizo hili. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, katika kikao chake cha mwaka wa 2003, ulikubali nukta au mkato kuwa alama ya desimali, na ukasisitiza uamuzi wa mwaka wa 1948 kwamba maelfu yasitengwe kwa alama yoyote kati ya hizo bali kwa nafasi tupu, mathalani 1 250. Ni pendekezo zuri kwa vitabu vya sayansi. Hata hivyo, mama wa Nyamira hajawahi kuiona nafasi hiyo katika ujumbe wa simu yake, na si haki kumtaka aandike asichokizoea.

Jinsi Tarakilishi Inavyosoma

Ili tuelewe kosa lililotokea katika kisa chetu, inafaa tujue kwamba tarakilishi hupokea kwanza msururu wa herufi, si nambari. Mtu anapoandika 1,250, mashine hupata herufi tano: moja, mkato, mbili, tano, sufuri. Baadaye amri fulani ya programu huugeuza msururu huo kuwa thamani ya kuhesabika. Kosa huzaliwa katika hatua hii.

Katika JavaScript, lugha inayotumika sana katika kurasa za wavuti, kuna amri iitwayo parseFloat. Amri hii husoma kutoka kushoto na hukoma mara tu ikutanapo na herufi isiyoitambua. Kwa hivyo 1,250 hutoa 1, nayo 15,000 hutoa 15. Ikipewa Ksh1,250.00 haipati tarakimu yoyote mwanzoni, basi hutoa jibu la kusema kwamba hiyo si nambari. Amri nyingine iitwayo Number ni kali zaidi: hukataa 1,250 yote kwa jumla. Ukali huo una manufaa, kwani kukataa kunaonekana, ilhali kukata kimyakimya hakuonekani.

Kuna pia aina maalumu ya kisanduku cha wavuti iliyotengwa kwa ajili ya nambari. Kwa mujibu wa kanuni za HTML, thamani itokayo katika kisanduku hicho lazima iwe na nukta ya desimali na isiwe na alama ya kutenga maelfu, hata mtumiaji awe wa nchi gani. Vivinjari havikubaliani kuhusu jinsi ya kumtendea aandikaye mkato. Kimoja huuacha uandikwe, kisha thamani inayotumwa huwa tupu. Kingine hukinyamazia kitufe chenyewe, na hapo aliyekusudia 12,5 hujikuta na 125 bila kutambua. Kwa sababu kama hizi na nyingine, mwaka wa 2020 kundi linalosimamia mtindo wa huduma za mtandaoni za serikali ya Uingereza liliacha kupendekeza kisanduku hicho, likapendekeza badala yake kisanduku cha maandishi ya kawaida kinacholeta kibodi ya tarakimu kwenye simu.

Programu za majedwali kama Excel nazo zina mtego wao. Kwa mpangilio wa Kenya, zitaielewa 1,250 vizuri. Lakini mtu akiandika 1250/=, seli hiyo itahesabiwa kuwa maneno, na amri ya kujumlisha safu itairuka bila kelele. Jumla itapungua, na hakuna alama yoyote nyekundu itakayoonyeshwa.

Utata wa Maneno

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kuandika nambari kwa maneno. Benki hufanya hivyo katika hundi, na sheria ya Kenya kuhusu hundi na hati nyingine za malipo, Sura ya 27, inasema kwamba maneno na tarakimu vikipingana, maneno ndiyo yanayofuatwa. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapostahili kuamka, kwa sababu maneno yetu nayo yana utata wake.

Chukua usemi "elfu ishirini na tano". Wengi wetu tutaelewa 25,000. Lakini aliyetaka kusema 20,005 atatumia maneno yale yale. Chanzo cha utata ni kwamba katika Kiswahili neno elfu hutangulia idadi yake, kisha "na" hufuata bila kuonyesha kama inaongeza maelfu au inaongeza mamoja. Katika "elfu tatu na nusu" tunaelewa 3,500, yaani nusu ya elfu. Katika "elfu tatu na tano" tunaelewa 3,005. Neno "na" limefanya kazi mbili tofauti katika mazingira yanayofanana. Baadhi ya waandishi hutenganisha maana kwa kuandika "elfu ishirini, na tano" wanapokusudia 20,005. Basi, hata katika maneno, tumeukuta tena mkato ukibeba maelfu mgongoni.

Njia nyingine ni kugeuza mpangilio. "Ishirini na tano elfu" haiwezi kuwa 20,005, nayo "ishirini elfu na tano" haiwezi kuwa 25,000. Mpangilio huu unaeleweka kwa urahisi na hautegemei alama yoyote. Kwa maoni yetu, huo ndio unaofaa kutumiwa na programu inapomsomea mtu kiasi chake, hasa kwa sauti, kwa maana mkato hausikiki simuni.

Neno laki nalo lina somo. Tulilipata kutoka lugha za Kihindi, ambako nambari hutengwa kwa namna ya pekee: laki moja huandikwa 1,00,000. Kiswahili kilichukua neno bila kuchukua mahali pa mkato. Sisi huandika 100,000. Kwa hiyo msamiati wa lugha na alama zake za uandishi vinaweza kufuata njia mbili, na mtengenezaji wa programu hawezi kukisia kimoja kwa kukitazama kingine.

Tusisahau akisami. Tulifundishwa nusu, thuluthi, robo, khumusi, sudusi, subui, thumuni, tusui na ushuri, na sokoni Keroka mtu husema gorogoro mbili na nusu bila kufikiri. Visanduku vingi havikubali robo wala nusu, hutaka 0.25 na 0.5. Fomu inayowauliza wakulima vipimo vyao inafaa iwape angalau mfano wa jinsi ya kuandika nusu kwa tarakimu.

Mapendekezo

Kutokana na yaliyojadiliwa, tunapendekeza kanuni saba kwa anayetengeneza fomu ya Kiswahili itakayotumiwa katika mazingira kama ya Kisii na Nyamira.

1. Kisanduku kipokee maandishi jinsi mtu alivyoyaandika, na kihifadhi nakala ya maandishi hayo kando ya thamani iliyohesabiwa. Nakala hiyo ndiyo itakayofanya kazi ya daftari la zamani.

2. Kiondoe alama za sarafu zinazojulikana, yaani Ksh, KES, Sh, /= na /-, pamoja na nafasi tupu, kabla ya kuigeuza nambari. Mtu asiadhibiwe kwa kuandika shilingi mahali anapoulizwa shilingi.

3. Katika fomu za Kenya, mkato ukubaliwe kuwa alama ya maelfu endapo kila kundi baada yake lina tarakimu tatu kamili, mathalani 1,250 au 1,250,000. Mkato ukifuatwa na tarakimu moja au mbili, kama katika 12,5, kisanduku kisibahatishe, kiulize.

4. Nukta ikifuatwa na tarakimu tatu katika kisanduku cha shilingi, kama katika 1.250, kisanduku kiulize pia, kwa kuwa senti zetu zina tarakimu mbili tu. Katika kisanduku cha kilo, nukta hiyo ipokelewe bila swali.

5. Kabla ya kuhifadhi, mfumo umrudishie mtu alichoeleweka kusema, kwa tarakimu na kwa maneno: "Umeandika Ksh 1,250, yaani shilingi elfu moja mia mbili na hamsini. Je, ni sawa?" Penye utata, maneno yafuate mpangilio wa "ishirini na tano elfu".

6. Kisanduku kinapokataa, kieleze sababu kwa Kiswahili kinachoeleweka, kitoe mfano, na kisiyafute maandishi ya mtu. "Ingizo batili" si maelezo. "Tafadhali andika kiasi kwa tarakimu, kwa mfano 1,250 au 1250" ni maelezo.

7. Thamani ihifadhiwe ndani ya mfumo kwa umbo moja lisilo na mapambo. Mkato na alama ya sarafu viongezwe wakati wa kuonyesha tu. Hivyo msomaji wa Goma ataona 1.250,00 na msomaji wa Nyamira ataona 1,250.00, ilhali fedha ni zile zile.

Kanuni ya tano na ya sita haziwezi kutekelezwa vyema bila mtu anayekijua Kiswahili. Mhandisi anaweza kuandika amri ya kutafuta mkato. Kuamua maneno gani yatamfikia mama aliyeshika simu bila kumtia hofu wala kumpotosha ni kazi ya lugha.

Hitimisho

Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na tangu wakati huo wanaisimu wamejadili sana istilahi: tuseme tarakilishi au kompyuta, kipanya au puku? Mijadala hiyo ina thamani yake. Hata hivyo, programu inaweza kuwa na istilahi za Kiswahili sanifu katika kila menyu, na bado ikaimeza elfu ya mkulima kwa sababu ya alama moja. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kadiri huduma zinavyohamia kwenye fomu za mtandaoni, haki ya kuhudumiwa kwa lugha hiyo inajumuisha haki ya nambari zako kusomwa jinsi ulivyozikusudia.

Tunawaalika wanafunzi wenzetu waanze na kazi ndogo. Kila mmoja achukue daftari, aende sokoni, kwenye kituo cha majani ya chai, kwa wachongaji wa Tabaka au kwa mweka hazina wa kikundi cha kijijini mwao, na anakili jinsi nambari zinavyoandikwa huko, pamoja na jinsi zinavyosomwa kwa sauti. Mkusanyiko huo, ukilinganishwa na yaliyomo katika CLDR, utatuonyesha palipo na pengo, na utakuwa zawadi yetu kwa wenzetu wa idara za tarakilishi.

Kuhusu kikundi cha Nyamira, hesabu ziliingizwa upya, daftari likiwa wazi mezani na wanachama wakisikiliza kila nambari ikisomwa. Akiba ya yule mama ilirudi kuwa shilingi 15,000, naye akapewa mkopo aliouhitaji. Kabla ya kuondoka alimwagiza mweka hazina alitunze lile daftari, na kila mwisho wa mwezi amsomee kwa sauti kile ambacho mashine imeandika.